Kibati Kinachosema kwa Kingo Zake

Juu ya meza ya fundi mmoja karibu na stendi ya Buzuruga, hapa Nyakato, Mwanza, kati ya skrini za simu zilizopasuka na mswaki wa kusafishia bodi, nilikuta kitu ambacho kwa haraka ungekidhania kipande cha kigae. Ni mraba wa kauri wenye milimita 25 kila upande na unene wa milimita 4, rangi yake kama chai ya maziwa, na usoni pake limepakwa tabaka jembamba la fedha ambalo halifiki ukingoni. Pembe mbili za tabaka hilo, zile zinazotazamana, zimekatwa kimshazari. Karibu na katikati, lakini si katikati penyewe, kuna nukta ya risasi yenye ukubwa wa punje ya mtama. Kitu hicho kilitolewa ndani ya kifaa cha VTS cha basi la Sirari, vile vifaa ambavyo LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, huvitumia kufuatilia mwendo wa mabasi ya masafa marefu. Fundi alikishika kwa ncha za vidole viwili, akakigeuza uso juu, uso chini, kisha akasema, "Mwalimu, hiki ukikilaza kifudifudi, gari limepotea." Aliniazima kwa siku mbili, na ndizo zilizozaa makala haya.

Tumezoea kuizungumzia antena kwa lugha ya matokeo: inashika au haishiki. Ni lugha halali, na mwenye basi hana haja ya nyingine, lakini inaliruka umbo kana kwamba umbo ni ganda tu la kubebea kazi. Mimi naisoma antena ndogo kama matini iliyofinyangwa kwa kanuni kali kuliko arudhi, na ufupi wake nauona kuwa wa aina ileile ambayo msomaji wa ushairi wetu anaijua kwa jina la inkisari: neno hukatwa ili mizani itimie, na maana hubaki nzima. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mshairi hupewa inkisari kama ruhusa. Mbunifu wa antena huinunua. Kila milimita iliyoondolewa imelipiwa mahali fulani, na kuisoma antena vizuri ni kuweza kuweka kidole mahali palipolipiwa.

Istilahi kwanza, kwa kuwa uwanja huu haujapata msamiati uliotulia. Antena ya mikrostripi, ambayo ni kipande bapa cha metali kilicholazwa juu ya tabaka la kihami lenye bati jingine chini yake, nitaiita kibati, na lile la chini nitaliita bati la ardhi. Hali ya kibati kuitikia masafa yake na kupuuza mengine nitaiita mvumo, kama chungu kinavyovuma ukikigonga. Uwezo wa kihami kulipunguzia wimbi mwendo nitauita uzito wa dielektri, maana wimbi hupita ndani yake kama mtu anayetembea ziwani maji yakiwa kiunoni: hatua ni zilezile, ila kila moja ni fupi. Antena nyingi zilizopangwa zifanye kazi kama moja ni safu. Mgao wa nguvu angani una ulimi mkuu na ndimi za pembeni.

Tuanze na matini iliyo rahisi kuliko ile kauri, yaani kibati cha mstatili kwa ajili ya Wi-Fi ya gigahezi 2.45, kilichochongwa kwenye bodi ya FR-4 yenye unene wa milimita 1.6, bodi ambayo imo karibu katika kila redio iliyowahi kufunguliwa Nyakato. Hewani, nusu ya urefu wa wimbi kwa masafa hayo ni milimita 61. Juu ya bodi yenye uzito wa dielektri wa 4.4, huku sehemu ya uga ikipita hewani, nusu hiyo hushuka hadi milimita 30.3. Hata hivyo kibati chenyewe hukatwa kwa urefu wa milimita 28.8 na upana wa 37.3. Msomaji makini atauliza ile milimita moja na nusu imekwenda wapi, na jibu lake ndilo ufunguo wa umbo zima. Uga wa umeme hauishii pale shaba inapoishia. Hufurika kila mwisho kwa robo tatu hivi ya milimita, ukitoka nje ya kibati na kujikunja kulifuata bati la ardhi. Kwa hiyo kibati ni kirefu kuliko mwili wake. Mbunifu hukata shaba mapema kidogo ili kuachia nafasi ile sehemu isiyoonekana, na ni sehemu hiyo isiyoonekana inayosema.

Hapa ndipo kibati kinapotengana na antena ambazo macho yetu yamezilea. Tazama mapaa ya Nyakato kuanzia Sokoni hadi kwenye miteremko ya nyuma ya barabara ya Musoma. Zile antena za fito za aluminiamu, ambazo ziliongezeka Mwanza ilipohama kwenda televisheni ya dijitali mwaka 2013 na ving'amuzi vikawa lazima, ni wazao wa umbo lililotolewa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi mwaka 1926. Katika umbo lile ufito wenyewe ndio msemaji: mkondo unakwenda na kurudi ndani yake, na wimbi linaondoka kutoka mwilini. Kibati ni kinyume. Mkondo wake mkubwa zaidi uko katikati, juu ya uso mpana unaong'aa, lakini uso huo uko karibu mno na bati la ardhi, nalo linajibu kwa mkondo wa kinyume, na hivyo karibu kila unachokisema uso kinafutwa papo hapo. Kinachobaki ni nyufa mbili nyembamba za pembeni. Kibati ni uso ulio kimya wenye kingo mbili zinazosema.

Tena zinasema kwa namna inayohitaji kusomwa taratibu. Kibati kinapovuma, ukingo mmoja una volti chanya wakati ule wa pili una volti hasi, na mtu angetegemea sauti mbili zenye dalili kinyume zifutane. Zingefutana kama uga ungesimama wima. Lakini pale ukingoni uga haukusimama. Umefura kwenda nje. Upande mmoja unatoka kibatini, unapinda kwenda kushoto, unashuka. Upande wa pili unapanda kutoka chini, na katika kupanda kwake unarudi ndani, yaani nao unaelekea kushoto. Sehemu za wima zinapingana, sehemu za mlalo zinakubaliana, na kukubaliana huko kunalituma wimbi juu, wima kutoka kwenye uso. Kingo nyingine mbili, zile za urefu, zina uga uliogawanyika nusu kwa nusu, na zinajifuta zenyewe. Kingo nne, mbili zinasema kwa pamoja, mbili zinajibishana hadi kimya. Sijui umbo jingine la ufundi ambalo ukinzani wa ndani umegeuzwa kuwa upatanifu wa nje kwa vifaa vichache namna hii.

Wazo la kuifanya njia ya mkanda wa shaba iwe antena lilitajwa na Georges Deschamps mwaka 1953, kisha likalala karibu miaka 20 hadi Robert Munson na John Howell walipolipa mwili miaka ya 1970, wakati bodi zenye kihami kizuri zilipopatikana na vyombo vya angani vilipohitaji antena zinazolala juu ya ngozi ya chombo bila kuchomoza.

Nilichonga kile kibati cha Wi-Fi mwenyewe, kwa karatasi, pasi ya nguo na feri kloraidi, juu ya bodi isiyo na jina niliyoinunua mjini. Hesabu ilikuwa safi na mstari ulikuwa mnyoofu, lakini kipimaji kilionyesha mvumo kwenye gigahezi 2.37. Kwa kibati cha FR-4 ambacho upana wake wa masafa ni asilimia 2 au 3 tu, kukosa kwa asilimia 3 ni kukosa kabisa. Ni sawa na mizani ya mshororo mzima kwenda kombo. Kosa lilikuwa ni kuiamini namba 4.4. Bodi ile ilikuwa na uzito unaokaribia 4.7, jambo la kawaida kwa FR-4, ambayo ni nyuzi za kioo na gundi ya eposi, na uwiano wake hutofautiana toka kiwanda hadi kiwanda. Nilichukua wembe, nikapima milimita moja kutoka ukingo mmoja unaosema, nikakata, nikamenya ule uzi wa shaba. Mvumo ukapanda ukakaa mahali pake. Uzi ule niliuhifadhi. Ni mwembamba kama unywele wa singa, na tofauti kati ya antena na pambo ilikuwa humo.

Sehemu ya kulishia nayo inadai kusomwa. Ukiunga waya kwenye ukingo wa kibati, unakutana na ukinzani wa omu zaidi ya 200, kwa kuwa pale volti ni kubwa na mkondo hafifu. Waya wako unataka omu 50. Katikati ya kibati ukinzani ni sifuri. Kati ya hivyo viwili kuna kila thamani unayoihitaji, na mbunifu hutembea kutoka ukingoni kwenda ndani akitafuta mahali ambapo kibati na waya vinasemezana kwa sauti moja. Katika kibati changu ni karibu milimita 10 kutoka ukingoni, na ndiyo maana mkanda wa kulishia, wenye upana wa milimita 3, unaingia mwilini ukiwa umeachiwa mfereji mwembamba kila upande, kama mtumbwi uliopandishwa kwenye mchanga. Sasa rudi kwenye ile nukta ya risasi juu ya kauri ya basi, ile isiyo katikati. Ni mfereji uleule kwa njia nyingine: pini imepanda kutoka chini hadi mahali palepale pa makubaliano. Ingewekwa katikati kabisa, kwa ulinganifu unaopendeza macho, kifaa kingekuwa kiziwi.

Sasa inkisari yenyewe. Kuna njia tatu nzito za kukifupisha kibati, na nitakaa zaidi kwenye ile ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote. Tumesema ukingo mmoja una volti chanya na wa pili hasi. Basi katikati, kwenye mstari unaokigawa kibati nusu kwa nusu, volti ni sifuri wakati wote. Mahali ambapo volti ni sifuri daima, unaweza kusimamisha ukuta wa shaba kutoka kibatini hadi bati la ardhi bila kukisumbua chochote, kwa sababu ukuta huo unalazimisha hali ambayo tayari ilikuwapo. Na ukuta ukishasimama, nusu ya nyuma ya kibati haina tena kazi. Unaikata na kuitupa. Milimita 28.8 zimekuwa karibu 14.4, na masafa hayakubadilika. Ni ukataji unaotokana na kuijua matini kwa undani: mhariri amegundua kwamba mshororo wa pili ulikuwa kivuli cha wa kwanza, akauondoa, na ubeti haukuyumba. Malipo yake ni kwamba umebaki na ukingo mmoja unaosema badala ya mbili, hivyo ulimi mkuu unapanuka na kupungua makali. Jamaa wa umbo hili, mwenye ukuta mwembamba na mguu wa kulishia kando yake, ukimtazama kwa ubavu anafanana na herufi F iliyolala. Ukoo huo ndio ulioiondoa antena ya nje kwenye simu. Waliokuwa na simu mwishoni mwa miaka ya 1990 wanakumbuka kishina kilichochomoza juu. Kisha ikaja Nokia 3210 mwaka 1999, laini kichwani, na watu wakauliza inashikaje.

Njia ya pili ni kukata mipasuko ndani ya kibati ili mkondo usipite moja kwa moja bali uzunguke kila mpasuko. Njia imerefuka ingawa mwili haukurefuka. Mvumo unashuka kwenda masafa ya chini, na kwa masafa uliyoyataka unaweza kutumia kibati kidogo zaidi. Ni mazida yanayotumikia inkisari, silabi zinazoongezwa ndani ili neno lifupike nje. Kuna wabunifu waliofika mbali kwa njia hii, hadi kwenye michoro inayojirudia ndani ya michoro, lakini nakiri kwamba mingi ya hiyo inanichosha: mkondo unaozungushwa sana unapita mahali ukijipinga wenyewe, na kibati kinaanza kutumia nguvu kujibizana badala ya kusema.

Njia ya tatu ndiyo ya kauri yetu. Masafa ya GPS ni megahezi 1575.42, na nusu ya urefu wa wimbi lake hewani ni milimita 95, ukubwa usioweza kuingia ndani ya kisanduku cha VTS. Kauri yenye uzito wa dielektri wa 20 hivi inaigawa nusu hiyo kwa karibu nne na nusu, na zinabaki milimita 21. Ndiyo maana fedha haifiki ukingoni: mwili ni milimita 25, lakini neno lenyewe ni 21 tu. Kauri nzuri, tofauti na FR-4, hailigeuzi wimbi kuwa joto kwa wingi, na hilo ni la lazima, kwa kuwa mawimbi hayo yametoka umbali wa kilomita zaidi ya 20,000 na yanapofika Nyakato nguvu yake haifiki sehemu moja ya trilioni ya wati. Malipo hapa ni upana wa masafa. Harold Wheeler mwaka 1947 na Lan Jen Chu mwaka 1948 walionyesha kwamba antena ndogo ina kikomo kisichohongeka: ukiipunguza nusu kwa kila upande, upana wa masafa unaoweza kuutarajia huporomoka hadi karibu sehemu moja ya nane. GPS inaweza kulipa bei hiyo kwa sababu ina neno moja la kusikiliza. Simu ingeshindwa, kwa kuwa inatakiwa isikilize mengi.

Nimeziacha zile pembe mbili zilizokatwa kwa sababu ndizo sitiari iliyokomaa kuliko zote katika kitu hiki. Mraba mkamilifu una mivumo miwili inayolingana, mmoja kwa kila ulalo. Ukikata pembe mbili zinazotazamana, ulalo mmoja umefupika na mvumo wake umepanda kidogo. Ulalo wa pili umebaki, na mvumo wake uko chini kidogo. Katika masafa yaliyo katikati ya hiyo miwili, mmoja unatangulia kwa awamu ya nyuzi 45 na mwingine unachelewa kwa nyuzi 45, na jumla yake ni robo kamili ya mzunguko. Mitikisiko miwili iliyo sawa kwa nguvu, inayokatana mraba na kuachana kwa robo mzunguko, haitikisiki tena: inazunguka. Wimbi la GPS nalo huzunguka, kwa mkono wa kulia, na kauri hii imekatwa ili iupokee mkono huo. Kata zile pembe nyingine mbili badala ya hizi, na utakuwa umetengeneza kitu kizuri vilevile chenye mkono wa kushoto, kisichofaa kitu.

Faida ya kuzunguka huonekana hasa katika mji kama huu. Mwanza ni mji wa mawe. Majabali yako nyuma ya nyumba, mapaa ya bati yametanda bondeni, na ziwa ni kioo kisicho na mwisho. Wimbi la satelaiti iliyo juu likigonga jabali, paa au maji, linarudi likiwa limegeuka mkono: la kulia limekuwa la kushoto. Kauri haipendi mkono wa kushoto. Kwa mikato miwili ya kimshazari, ambayo fundi asiyejua angeidhania kasoro ya kiwandani, umbo limejifunza kutenganisha kwa sehemu kubwa sauti na mwangwi wake. Na kauli ya fundi wangu juu ya kulaza kifudifudi ilikuwa sahihi kwa sababu mbili kwa pamoja, ingawa yeye alihitaji moja: ukikigeuza, bati la ardhi linakaa kati ya kingo zinazosikia na anga linalosema, na kile kidogo kinachopenya kutoka chini kimekuja kwa mwangwi, na mkono wake ni ule usiotakiwa.

Kibati kimoja kina ulimi mpana, na wakati mwingine tunataka mwembamba. Hapo ndipo inapoingia safu, na mfano wa kuielewa uko ziwani usiku. Wavuvi wa dagaa wakiwasha karabai nne wanapata mwanga wa karabai nne, kila upande, na wamechoma mafuta ya karabai nne. Vibati vinne havifanyi hivyo. Chukua nguvu ya kibati kimoja, uigawe kwa vinne: kila kimoja kimepata robo ya nguvu, ambayo ni nusu ya ukubwa wa wimbi. Mbele kabisa, ambako mawimbi manne yanafika pamoja, nusu nne ni mbili, na mbili kwa mraba ni nne. Nguvu ileile, mafuta yaleyale, na upande mmoja umepata mara nne. Hakuna muujiza, pande nyingine zimenyang'anywa. Karabai haziwezi hilo kwa sababu mianga yao haina mapatano. Kila mmoja unawaka kwa wakati wake.

Mapatano hayo yameandikwa wapi? Katika mkanda wa kulishia, ambao katika safu ya vibati vinne nausoma kwa shauku kuliko vibati vyenyewe. Unaingia shina moja la omu 50 lenye upana wa milimita 3.1, unagawanyika matawi mawili ya omu 100 yenye upana wa milimita 0.7 tu, kisha unapita kipande cha upatanishi chenye omu 70.7, upana wa milimita 1.6 na urefu wa milimita 17, ambacho ni robo ya wimbi ndani ya bodi, kinachoirudisha omu 100 kuwa 50 ili tawi liweze kugawanyika tena. Kila kibati kiko umbali uleule kutoka shinani. Ukiutazama mchoro huo juu ya bodi ya kijani, unaona ubeti wa tarbia: mishororo minne yenye mizani sawa, na mgawanyo wa ndani unaolingana kama ukwapi na utao.

Ila kwa vina tarbia haitoshi kuwa mfano, na hapo ndipo safu inapokuwa sanaa ya aina yake. Katika shairi kina kimo ndani ya shairi. Mshororo unaishia kwa silabi yake, awepo msikilizaji au asiwepo. Katika safu kina hakimo katika bodi. Kiko mahali aliposimama msikilizaji. Mawimbi manne yaleyale yanakubaliana kwa aliye mbele, yanakosana kwa aliye pembeni, na kwa aliye kwenye nyuzi fulani yanafutana kabisa hadi asisikie kitu. Matini moja, na usomaji wake unategemea unaisomea wapi, kwa usahihi unaoweza kupimwa. Nafasi kati ya kibati na kibati ndiyo inayoamua: karibu nusu ya urefu wa wimbi, na ulimi mkuu unabaki mmoja, ikifika urefu wa wimbi zima, ndimi pacha zinaota pembeni, zenye nguvu sawa na ule mkuu, zikisema na watu ambao hukuwakusudia.

Mnara wowote ulio kando ya barabara ya Musoma unaweza kusomwa hivyo. Yale masanduku marefu, membamba, yaliyofungwa wima kwenye pande tatu, kila moja likihudumia nyuzi 120, ni safu. Ndani yake vipashio vimepangwa kwa wima, kila kimoja kikiwa na mitikisiko miwili iliyoinamishwa nyuzi 45, mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa kuwa simu mkononi mwa mtu haina mkao maalumu. Ulimi wake ni mpana kwa mlalo na mwembamba kwa wima, na mara nyingi umeinamishwa chini ingawa sanduku lenyewe limesimama wima kabisa. Chukua masafa ya megahezi 1800, ambayo wimbi lake ni sentimita 16.7, na vipashio vilivyoachana sentimita 14: ukitaka ulimi uiname nyuzi 6, kila kipashio cha chini kinacheleweshwa kwa awamu ya nyuzi 32 hivi nyuma ya kile kilicho juu yake. Kuinamisha kwa awamu kuna uzuri usiopatikana kwa kuinamisha kwa bolti. Ukilipinda sanduku kwa mkono, mbele panashuka, nyuma panapanda, na ubavuni hapabadiliki. Ukiziinamisha awamu, ulimi unashuka pande zote kwa kiasi kilekile, kama mwavuli unaofungwa kidogo.

Mwinamo huo si pambo kwenye mwambao wetu. Kutoka kilima chenye mita 100 juu ya maji, upeo wa redio ziwani ni kilomita 41 hivi, na juu ya maji hakuna jabali wala nyumba ya kulizuia wimbi. Ulimi usioinamishwa utamfikia mvuvi aliye mbali sana, lakini GSM ya kawaida haimhesabii aliye zaidi ya kilomita 35, kwa sababu jibu lake linachelewa kupita nafasi ya muda iliyotengwa. Mvuvi anaona vijiti vya mtandao kwenye simu, anapiga, haiendi. Ameisikia matini ambayo haikuandikwa imfikie. Mbunifu anayeinamisha ulimi hadi mahali mazungumzo yanapowezekana anafanya kazi ya uhariri yenye uaminifu mkubwa kuliko yule anayetamba kwa umbali.

Ng'ambo ya ziwa, Kenya, tangu Julai 2023 zimeingia sahani za Starlink, ambazo si sahani kwa maana ya bakuli bali ni safu bapa zenye vipashio zaidi ya 1,000, zikigeuza ulimi kufuata satelaiti bila kugeuza mwili. Kanuni ni ileile ya vibati vinne. Wingi umeongeza kasi na ukali wa ulimi, sarufi haukuigusa.

Nilipomrudishia fundi kauri yake, alikuwa anasubiriwa na utingo wa basi, na hakukuwa na muda wa maneno. Alipaka gundi, akakibana kibati uso juu, akasubiri taa. Wakati akisubiri nilikiinamia kwa mara ya mwisho, nikaona jambo ambalo siku mbili nzima lilinipita: kwenye ukingo mmoja wa fedha, kando ya mkato, palikuwa na mkwaruzo mfupi ulio sawasawa, usiozidi milimita moja, mahali ambapo fedha ilisagwa baada ya kupakwa. Huko kiwandani kauri nayo ilitoka ikiwa na uzito wake wenyewe, namba haikukubali, na kifaa fulani kikaondoa uzi mwembamba kutoka ukingo unaosema, kama nilivyofanya mimi kwa wembe. Taa ya kijani iliwaka. Utingo alikipokea kisanduku kwa mikono miwili na kukimbilia stendi.